Mto Niliousingizia

Boito, Jumapili alasiri

Mwanangu Chebet,

Umevuka mto kwenda kumuaga kogo yako, mama wa mama yako, na kwa jinsi ninavyomjua, hatakuachilia kabla hujala ukashiba, kisha ukala tena. Kwa hiyo nina saa mbili, labda tatu mvua ikikuzuia huko. Nimekaa kwenye meza uliyosomea mtihani wako wa fomu nne. Nimefunga mlango na kumwambia shangazi yako kwamba kichwa kinaniuma. Hajaniamini, lakini ameniacha.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala marafiki wabaya, wala kutunza vyeti vyako. Shangazi amekuimbia hayo wiki nzima mpaka hata kuku wameyajua. Huko chuo cha wauguzi kuna watu wa kukufundisha kutandika kitanda na kufunga kidonda. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba kwa miaka mitano. Utaikuta barua hii chini kabisa ya sanduku, chini ya sweta ya kijivu, na kufikia hapo utakuwa umeshafika Nakuru na mimi nitakuwa mbali nawe. Nimepanga hivyo makusudi. Ni woga, na sitafuti jina lingine la kuupa.

Nilikuambia mto ndio uliotuchukulia mama yako. Nilimwambia hivyo mchungaji, nikawaambia walimu wako, na watu walipokuja matangani nikawaambia wote. Mto ulikuwepo na ulikuwa umejaa, hapo sikusema uongo. Lakini kilichomuua mama yako ni barua, na barua hiyo niliiandika mimi.

Ukitaka kupumzika hapa, pumzika. Kisha uendelee, kwa sababu sitaki usikie sehemu yake kutoka kwa mtu mwingine.

Unakumbuka ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Ulikuwa darasa la sita. Ulikuwa unapita nyumbani ukionyesha vidole viwili, ile alama ya vyama vingi, mpaka mama yako akakufukuza na mwiko, akasema kwake hakuna vyama, kuna kuchota maji. Watu wa redio walizungumza habari ya rais na wabunge, lakini sisi huku moyo wetu ulikuwa kwenye kiti cha diwani. Mgombea mmoja alitoka upande wetu huu, na mwingine ng'ambo ya mto. Yule wa ng'ambo alinyimwa tiketi ya chama, akahamia chama kingine, na watu wake wote wakamfuata kama ng'ombe wanavyomfuata aliyebeba chumvi. Sisi tukaita kokwet. Majirani wote, wanaume kwa wanawake, tulikaa pale uwanjani karibu na kituo cha majani chai, tukakubaliana kura isigawanyike hata moja. Mimi nilikuwa katibu. Niliandika uamuzi huo kwa mwandiko wangu ule, nikasoma kwa sauti, na watu wakapiga makofi.

Lazima nikuambie habari ya mwandiko wangu, maana dhambi yangu ilianzia hapo. Tangu nilipofundisha ngumbaru, upande huu wote ulijua kwamba ukitaka barua ya kumwingia ofisa moyoni, unakwenda kwa baba Chebet. Niliandika barua za kuomba kazi kwenye mashamba makubwa, barua za kesi za mipaka, hata barua za kuomba wachumba. Mama yako alikuwa akinitania kwamba nikiandika barua ya kumwomba radhi fisi, fisi atarudisha mbuzi. Nilipenda sana kuambiwa hivyo. Mtu akisifiwa sana kwa jambo moja, hafiki mahali pa kujiuliza kama jambo lenyewe linafaa kufanywa.

Mtu wetu alishinda. Wakati wa kuhesabu, sanduku la kila kituo lilifunguliwa peke yake na mawakala wakaandika kilichotoka ndani, kwa hiyo baada ya siku mbili kila mtu alijua nani alimpa nani. Sisi tulimpa diwani karibu kura zote. Ng'ambo walimpa chache mno.

Miezi michache baadaye diwani alikuja kwenye kamati ya dispensari yetu. Unajua dispensari yetu ilivyokuwa, vyumba viwili na mtu wa kugawa vidonge ambaye naye alikuja akipenda. Ile ya ng'ambo ilikuwa na sista, muuguzi aliyesomea uzazi. Ilikuwa na kitanda cha kuzalia, na lile sanduku la vyuma vya kuzalishia. Sista Rosa, mwenyeji wa kule ziwani, alikuwa amekaa pale miaka mingi mpaka akawa anasalimia kwa Kikipsigis. Wewe mwenyewe ulizaliwa mikononi mwake. Mama yako alivuka kwenda kwa mama yake, akakuzaa kule, akarudi nawe mgongoni.

Diwani alikunywa chai yetu, akafuta mdomo, akasema, "Nyinyi mlinipea kura. Hao wa ng'ambo walinipea nini? Matusi. Na sista iko kwao, kitanda ya kuzaa iko kwao. Mimi siwezi kuongea peke yangu huko wilayani. Nipeeni barua ya wananchi."

Kila mtu akageuka akanitazama. Nami, Chebet, nilifurahi. Nasema hivyo kwa sababu nimesikia watu wengi wakisimulia makosa yao kana kwamba walisukumwa. Hakuna aliyenisukuma. Nilikwenda nyumbani nikachonga penseli kwanza, nikaandika rasimu, nikaifuta, nikaandika tena. Kazi yenyewe ilinipa raha.

Kila mtu husema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Nimeichoka methali hiyo, maana nimeiona ikitumiwa na nyasi zilizoshika kalamu.

Barua ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Nitakuandikia sentensi moja tu, kwa sababu hiyo ndiyo niliyojivunia kuliko zote, na hadi leo naijua kwa moyo: "Wananchi wa ng'ambo hawana shida kubwa ya huduma ya uzazi, kwa kuwa ni mwendo mfupi tu kufika upande huu, na hata sasa wamezoea kuvuka." Uone nilivyoipanga. Kila neno ni la kweli ukilichukua peke yake. Mwendo ni mfupi, na watu wamezoea kuvuka. Sikuandika ni mwezi gani mto unavukika na ni mwezi gani hauvukiki.

Diwani alitaka sahihi nyingi, na alitaka za akina mama hasa, kwa kuwa habari ilikuwa ya uzazi. Hapo kukawa na shida. Wanawake wa upande wetu walikuwa wakinyamaza, au wanasema watafikiria, au mtoto analia. Sikuelewa. Nilikasirika kidogo, nikaona ni ujinga wa kukataa maendeleo. Ndipo nikamwambia mama yako aanze yeye, kwa kuwa akianza mke wa katibu, wengine watafuata.

Alikuwa anasafisha kibuyu cha maziwa. Hakuacha kazi yake. Aliniuliza, "Na mama yangu ataenda wapi?"

Nikamwambia, "Atakuja kwetu. Ni mwendo kidogo tu."

Alimaliza kukisafisha kibuyu. Kisha akapangusa mkono kwenye leso, akachukua kalamu, akaandika jina lake lote, Rael, na jina langu nyuma yake, kwa ule mwandiko wake wa darasa la nne uliolala upande mmoja. Wanawake wengine walipoona jina lake, wakatia sahihi, na wasioandika wakaweka dole gumba.

Nilihitaji miaka kuelewa kile walichokuwa wakinyamazia. Sisi wanaume tunazaliwa upande mmoja, tunaoa, tunazikwa upande uleule. Tukisema "watu wetu" tunajua ni nani. Lakini huoi kwenu. Kila mama aliyekaa kwenye ile kokwet yetu alizaliwa kwingine, na wengi wao walizaliwa ng'ambo hiyohiyo tuliyokuwa tunaiadhibu. Mama zao wako huko. Dada zao wanazaa huko. Mwanamke ana kokwet mbili, Chebet, na mimi nilimwomba mama yako aipe moja kisu cha kuichinja nyingine. Alitia sahihi kwa sababu ni mimi niliyeomba. Hakuamini ile sentensi yangu. Alinipenda tu, na nilijua ananipenda, nikautumia upendo huo kama unavyotumia kiti kufikia rafu ya juu.

Barua ilifanya kazi. Haikupita muda mrefu gari likaja ng'ambo, likabeba kitanda na sanduku la vyuma, na Sista Rosa akaambiwa avifuate. Alihamia kwetu, kwenye kile chumba cha nyuma ya dispensari. Kule kukabaki nyumba tupu yenye mlango wa bluu na kufuli. Sisi tukachinja mbuzi. Diwani alihutubia, na mimi nikakaa karibu naye.

Kogo yako aliacha kuja kwetu. Ulikuwa ukiuliza kwa nini kogo haleti tena viazi, nami nikakuambia miguu inamsumbua. Miguu yake ilikuwa mizima. Barua ilikuwa imesomwa kwao. Mwalimu mmoja wa ng'ambo, mwenye urafiki na karani wa wilayani, aliinakili yote pamoja na majina, akaisoma mbele ya kokwet yao. Jina la kwanza la akina mama lilikuwa la binti wa kogo. Hebu fikiria mama huyo akiwa amekaa kati ya majirani zake.

Hayo mimi sikuyajua wakati ule. Nilijua tu kwamba mama yako alikuwa akivuka, akirudi mapema, na hasemi kitu. Siku moja nilimkuta nyuma ya zizi analia, akaniambia ni moshi. Hakukuwa na moto wowote. Nilikubali ni moshi kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu.

Mwaka uliofuata akashika mimba ya ndugu yako. Mimba ilipokuwa imebakiza kama mwezi, habari ikaja kwamba kogo ameanguka akavunjika mkono, na majani chai yake yanageuka pori, hakuna wa kuchuma. Mama yako alisema ataenda. Nilimwambia na tumbo hilo? Akasema atachuma pole pole, siku mbili tu, na kwamba kama haendi sasa wakati mama yake anamhitaji, hatapata tena nafasi ya kupatana naye. Hapo ndipo nilipojua wamekosana, lakini sikuuliza wamekosania nini. Nadhani nilijua. Nilimfungia mkate kwenye karatasi, akaondoka na kikapu chake. Wewe ulikuwa shuleni.

Asubuhi ya siku ya pili mvua ilinyesha kule juu msituni tangu mapema. Kijana mmoja wa ng'ambo alikuja ukingoni akapiga kelele mpaka tukamsikia, kwamba Rael amejifungua kabla ya siku zake na anatoka damu. Nilikimbia kwa Sista Rosa. Yule mama hakuuliza kitu, alichukua mfuko wake akakimbia mbele yangu, na alikuwa mnene, na alinishinda.

Tulipofika, daraja la magogo lilikuwa chini ya maji. Halikuonekana kabisa. Nilijaribu kuingia, maji yakanichukua miguu, wanaume wawili wakanivuta kwa koti. Nikajaribu tena. Ng'ambo walikuwa wamemleta mama yako kwa kitanda, wanaume wanne, kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kumpeleka ila kwetu. Kogo alikuwa kando yake na mkono wake kwenye kitambaa. Wakakiweka kitanda juu ya majani. Nilikuwa namwona uso.

Sista Rosa aliwaelekeza kwa kupaza sauti. Inueni miguu yake. Mkandeni tumbo hapa, hapana, chini kidogo, kwa nguvu. Maji yalikuwa na kelele na nusu ya maneno hayakufika. Alionyesha kwa mikono juu ya tumbo lake mwenyewe, na wanawake wa kule wakajaribu kufanya alivyofanya. Alikuwa na sindano ya kuzuia damu pale pale kwenye mfuko wake. Aliishika mkononi wakati wote.

Baada ya muda aliacha kupaza sauti. Alinyoosha mkono akaonyesha juu ya kile kilima kidogo nyuma yao, mahali ile nyumba ilipo, karibu sana, ungeweza kuhesabu mabati. Akaniambia, wala hakuniambia kwa hasira, "Baba Chebet, mimi nilikuwa naishi pale. Mlango ule wa bluu."

Mama yako aligeuza kichwa mara moja akatutazama. Sijui kama alituona. Nimejiambia aliniona na nimejiambia hakuniona, na sijui ni lipi kati ya hayo mawili ningependa liwe kweli. Maji yalipungua baada ya saa sita mchana. Nilipovuka, kogo alikuwa ameshamfunika yeye na mtoto. Alikuwa mvulana. Hilo nalo sikukuambia.

Ulitoka shule ukakuta watu nyumbani. Wiki iliyofuata ulikuwa ukishuka kila jioni kuupiga mto mawe. Nakumbuka shangazi alitaka kukuzuia, nikamwambia akuache, mtoto atoe uchungu. Nilisimama juu pale nikakutazama ukichukua mawe makubwa kuliko nguvu zako, ukiutukana mto kwa maneno uliyokuwa umekatazwa kuyasema. Nilitakiwa nishuke nikuambie mawe hayo ni ya nani. Sikushuka. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniuma zaidi sasa, kwa sababu kuhusu ile barua ningeweza kusema sikujua.

Kisha ukaja uchaguzi wa pili, na safari hii wa ng'ambo akashinda. Hukushangaa wewe, ulikuwa fomu tatu na unajua dunia. Muda si muda gari likaja kwetu. Kitanda kikapakiwa. Sista Rosa alihamishwa, na safari hii hakupelekwa ng'ambo. Alipelekwa mbali kabisa, nasikia akastaafu, na kitanda chenyewe sijui kilikwenda wapi. Upande wetu ukalia. Kamati ikaniambia, katibu, andika.

Nikaenda wilayani mwenyewe na barua yangu mpya. Karani alinisikiliza, akafungua faili, akaniambia kuhamishwa kuliombwa na wananchi, barua hii hapa. Nikasoma. Mwandiko ulikuwa wa mtu mwingine, lakini nilipofika katikati nikakuta: "Wananchi wa upande ule hawana shida kubwa ya huduma ya uzazi, kwa kuwa ni mwendo mfupi tu kufika huku, na hata sasa wamezoea kuvuka." Yule mwalimu wa ng'ambo hakubadilisha ila pande. Chini yake kulikuwa na majina ya akina mama, na mengine niliyajua, mabinti zetu walioolewa kule. Wazee husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilikuwa nimechimba, nikamtumbukiza mke wangu kwanza.

Sikumpa karani barua niliyokuja nayo. Nilirudi, na siku ya pili nikavuka kwenda kwa kogo yako. Unajua mkwe hamwendei mama mkwe kiholela. Nilisimama nje ya ua mpaka akatoka, na nikazungumza nikitazama chini, nikamwambia yote, nani aliandika, nani aliomba sahihi.

Alisema, "Mimi nilijua. Tulisomewa hapa." Akashika ufito wa ua. "Alikuja kunichumia majani, na mimi nilikuwa sijamsalimia vizuri. Nilimuuliza, ulitia sahihi mimi nife? Akasema, pole mama. Akachukua kikapu akaingia kwa shamba. Hiyo ndiyo maneno yetu ya mwisho, kabla damu."

Tulisimama pale, yeye ndani ya ua, mimi nje. Hakunisamehe na hakunifukuza. Aliniletea maziwa, nikanywa nikiwa nimesimama. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimchumia majani yake kila Alhamisi, na wewe ulidhani ninakwenda kanisani kwenye kamati. Nilimwomba aniachie mimi kukuambia. Amevumilia muda mrefu kuliko haki. Leo asubuhi, kabla hujatoka, nilituma salamu kwake kwamba nitakuandikia.

Yule mwalimu na mimi sasa tunaandika pamoja. Ilikuwa kazi ngumu, maana kila mmoja wetu alijua mwenzake ni mtu wa namna gani. Tuliandika barua moja ya pande zote mbili, tukaipeleka pamoja, na ofisa wa kwanza alituuliza nyinyi ni watu wa diwani gani. Tulipomwambia hatukuja kwa jina la diwani, akafunga daftari. Tulirudi mara nyingi. Mwishowe tumepata sista anayekaa kwetu siku mbili na kwao siku mbili, na daraja la mbao lenye kamba za chuma bado linangojwa. Ni kidogo. Kikija kipindi cha kura, hata hicho kitatikiswa, na sitakudanganya kwamba tumeshinda. Watu wa upande wetu wengine wananiita msaliti. Nawajibu kwamba wamechelewa kunipa jina hilo.

Sikukuandikia haya ili nikufundishe kazi. Lakini utamaliza chuo, utatumwa mahali, na mahali hapo patakuwa na mtu aliyeshinda na watu waliomnyima. Atakuja kwako na maneno mazuri, na kutakuwa na baba fulani mwenye mwandiko mzuri aliyeshika karatasi. Uliza tu akina mama wa hapo walizaliwa wapi. Mimi sikuuliza, na nilikuwa nimelala kitanda kimoja na jibu.

Najua kwa nini unakwenda kusomea uuguzi. Uliniambia unataka kuwe na mtu upande ule mto ukijaa. Nilikuambia ni vizuri, nikatoka nje. Sasa unajua kwa nini nilitoka. Ukiamua kuendelea kwa sababu hiyo au kwa sababu nyingine, au ukiamua hutaki kuniona Krismasi, nitapokea. Usinijibu upesi. Usinisamehe kwa kuwa mimi ni baba yako na umefundishwa adabu. Mama yako alinifanyia jambo kwa sababu alinipenda, na sitaki wewe nawe ulifanye.

Nakupenda, Chebet. Sijawahi kukuandikia neno hilo, mimi niliyewaandikia wengine mapenzi yao.

Nasikia watoto wa jirani wanakuita barabarani nawe unacheka nao, kwa hiyo umerudi, na inaonekana kogo hajakuambia. Nitaikunja sasa. Kesho asubuhi nitabeba sanduku hili mpaka barabara ya lami na barua ikiwa ndani yake, na gari likija utanishika mkono kwa mikono yako miwili jinsi unavyofanya, na utasema baki salama baba. Ningekuwa mwanamume kamili ningekupa barua hii mkononi leo, nikangoja umalize kusoma. Lakini ninataka kuagwa hivyo mara moja tu, na mtoto ambaye bado hajui. Najua ni wizi. Nitasimama pale barabarani nikuibie.

Ni mimi baba yako,
Kipkoech